Inchi za Kona kwa Kona

Watu wa kwetu hawapunjiki kirahisi kwenye mizani. Kutoka Kericho mjini ushuke Litein, upite Kapkatet, uingie Bomet mpaka huku Mogogosiek, kila mkulima wa chai ni mkaguzi wa vipimo asiye na cheti. Karani wa kituo cha majani akishaning'iniza gunia, tarakimu za mizani husomwa kwa sauti na watu watano kabla yeye hajafungua kinywa. Akitoa uzito wa gunia tupu, hakosi kuwepo mama kwenye foleni anayejua gunia hilo lina uzito gani likiwa kavu na gani likiwa limenyeshewa. Na kwa kuwa mvua ya huku ina miadi yake ya alasiri, mjadala huo haupoi. Kwenye ardhi ndiyo usiseme. Msoroveya akija, wazee humwandama unyounyo, na kigingi kikihama upana wa kiatu, kesi imefika kwa chifu kabla jua halijatua.

Ndiyo sababu nawashangaa watu hao hao wanapoingia duka la simu, wakauziwa kitu kilichopimwa kona kwa kona, nao wakatoka wakishukuru.

Kwa ambaye hajapata kulifikiria: zile inchi zilizoandikwa kwenye boksi si urefu wa skrini wala si upana wake. Ni mshazari, mstari wa kutoka kona ya chini upande mmoja hadi kona ya juu upande wa pili. Sasa hebu mchukulie broka wa mashamba akuletee vipimo vya namna hiyo. Ploti yetu ya kawaida ni hamsini kwa mia, kwa futi. Ukivuta kamba kona kwa kona unapata futi 111 na ushee. Broka akwambie, ninayo nyingine, mshazari wake ni huo huo, bei ni hiyo hiyo. Unakwenda kuiona, unakuta ni futi 20 kwa 110. Usinibishie mimi, mbishie Pythagoras: 20 mara 20 ni 400, 110 mara 110 ni 12,100, jumla 12,500, na hamsini kwa mia nayo inatoa 12,500 ile ile. Mshazari haujapungua hata unywele. Lakini ploti ya kwanza ina futi za mraba 5,000 na ya pili ina 2,200, na juu ya hiyo ya pili utaweza kujenga nyumba ya nyoka tu, tena nyoka mseja. Broka wa aina hiyo huku kwetu hangefika barabarani akiwa na viatu vyote viwili. Muuza simu akifanya hivyo hivyo, tunamuuliza kama kava ni ya bure.

Na si kwamba mambo yalianza hivyo. Kwa miaka kadhaa simu karibu zote zilikuwa na uwiano wa 16:9, yaani kila sehemu 16 za urefu zilikuwa na sehemu 9 za upana. Mwaka 2017 LG ikaleta G6 yenye 18:9, ambayo ni ploti yetu kamili ya hamsini kwa mia. Ingeishia hapo, tusingekuwa na maneno. Lakini mwaka huo huo Samsung ikatoa Galaxy S8 ya 18.5:9, Apple ikafuata na iPhone X ya 19.5:9, na mwaka 2019 Sony ikaona isibaki nyuma, ikatoa Xperia 1 ya 21:9. Hizi simu za bei ya mkulima zinazouzwa mjini Kericho siku hizi nyingi ni 20:9. Ploti imegeuka njia ya kupitishia ng'ombe.

Chanzo chake ni kiganja. Kiganja cha binadamu hakijakua tangu zama za mababu, na simu ikipanuka kupita kiasi kidole gumba hakifiki ng'ambo. Mtengenezaji akitaka kuongeza inchi kwenye boksi bila kuugusa upana, njia iliyobaki ni kwenda juu. Pima uone. Skrini ya inchi 5.5 ya ule uwiano wa zamani, 16:9, ilikuwa na upana wa sentimita 6.85. Skrini ya inchi 6.5 ya 20:9 ina upana wa sentimita 6.78. Inchi nzima imeongezwa, na upana umepungua.

Aliyenifungua macho kwenye hili ni mjomba wangu, ambaye ni seremala na hawezi kununua hata kiberiti bila kukipima. Niliandamana naye kwenda kubadilisha simu. Kijana wa dukani, mchangamfu kweli, akamweka mbele ya kabati la kioo.

"Mzee, chukua hii. Sita nukta tano. Ile yako ni tano nukta tano."

Mjomba akatoa tepu kwenye mfuko wa koti. Akaipima simu yake ya zamani kwa upana. Akaipima mpya. Akarudia, maana seremala hupima mara mbili.

"Kijana, hii yako upana wake ni mdogo."

"Hapana, mzee wangu, hiyo ni kubwa zaidi."

"Kubwa wapi?"

"Kwa inchi."

"Na hizi nilizoshika mimi kwenye tepu ni nini? Mahindi?"

Kijana akaona ahame uwanja. Akaeleza kwamba simu hiyo, zaidi ya ukubwa, ni HD na alama ya kujumlisha mbele yake. Mjomba akataka kujua kilichojumlishwa. Kijana hakuwa na jibu, kwa hiyo nitalitoa mimi hapa. Skrini huundwa kwa vinukta vya mwanga viitwavyo pikseli. HD ya kawaida ni pikseli 1280 kwa 720. Hiyo ya kujumlisha ni 1600 kwa 720. Kilichoongezwa ni zile 320 za kwenda juu. Upande wa upana ni 720 wakati ule na 720 hata leo. Kwenye simu za HD za inchi 5 walizokuwa nazo watu miaka kumi iliyopita, vinukta hivyo vilikuwa 294 kwa kila inchi. Ukivitandaza kwenye inchi 6.5 vinakuwa 270. Mwaka 2010, alipokuwa akizindua iPhone 4 yenye pikseli 326 kwa inchi, Steve Jobs alisema kwamba ukifika kama 300 hivi jicho la mtu aliyeshika simu kwa umbali wa kawaida halitofautishi tena kinukta na kinukta. Mjomba hajihusishi na umbali wa kawaida. Husoma simu akiwa amenyoosha mkono wote kama anayemwonya mtu ng'ambo ya mto, na shida yake si pikseli bali mkono kuisha kabla herufi hazijatulia.

Aliinunua. Kila duka la jirani lilikuwa na vipimo vile vile, na mvua ilikuwa imeshaanza.

Hasara ya kwanza ya simu ndefu haiko kwenye skrini bali mfukoni. Mavazi yetu yalishonwa enzi za kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Kabambe ililala ndani ya mfuko wa aproni ya kuchumia majani, ikafunikwa, ikasahaulika hadi jioni. Simu ya siku hizi, ambayo kimo chake ni sentimita 16 na zaidi, husimama mfukoni kichwa kikiwa nje, ikitazama barabara. Shangazi yangu aliiinamia mimea ya chai asubuhi moja akiwa na simu ya namna hiyo, ya kulipia kidogokidogo kila siku, na ile simu ikaona heri iteremke. Iliangukia ndani ya kikapu, taratibu, bila kishindo, na majani mawili na chipukizi yakaendelea kuifunika mpaka kikapu kikajaa, kikamiminwa guniani, na gunia likapelekwa kituoni.

Aligundua baada ya gunia lake kupimwa, karani akiwa ameshampa risiti. Akajipapasa kifuani, kiunoni, mgongoni. Kijana mmoja akajitolea kumpigia. Kituo kizima kikanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea hapo hata wakati wa maombi, na kutoka katikati ya magunia yaliyopangwa kusubiri lori, kwaya ikaanza kuimba.

"Majani ya leo yameokoka," akasema mzee mmoja.

Kazi ikawa kujua ni gunia lipi, maana yalifungwa yakafanana, na sauti ya kwaya ikitoka ndani ya majani mabichi haina upande. Watu wakainamisha masikio kwenye magunia mmoja mmoja kama madaktari. Kila simu ilipokata, kijana alipiga tena, na kila alipopiga kulikuwa na mtu aliyeapa kwamba gunia lake limetetemeka. Hatimaye likapatikana. Shangazi akataka kutia mkono, karani akamzuia.

"Mama, gunia hili nimeshalipima. Ukitoa kitu ndani yake, nalipima upya."

"Kitu gani? Ni simu tu."

"Simu ina uzito."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu foleni nzima ilikuwa imesikia neno uzito. Wakagawanyika. Wapo walioshikilia kwamba simu ni karibu gramu 190, na gramu 190 za majani zilizolipwa ambazo si majani ni wizi kwa wakulima wote. Wapo waliosema simu imekaa ndani ya majani mabichi tangu asubuhi, imenyonya umande, kwa hiyo kilichopungua ndani ya majani kimo ndani ya simu na hesabu imejilipa yenyewe. Mama mmoja akauliza kama chaji nayo ina uzito. Simu ikatolewa ikiwa na jani moja limenata mgongoni, gunia likapimwa upya, tarakimu ya mwisho ikashuka, shangazi akakunja uso.

Akaiwasha simu aone kama imepona. Skrini yote, kutoka kona hadi kona, ilikuwa imejaa tangazo kwamba malipo ya siku hayajafika na simu imefungwa. Nimezitazama simu nyingi tangu zirefuke, na mpaka sasa tangazo la deni ndilo kitu pekee nilichokiona kikiienea skrini ya 20:9 sawasawa, bila kuacha utepe mweusi pembeni.

Maana vitu vingine vyote haviienei. Video ya kawaida bado ni 16:9. Ukiilaza simu ya 20:9, video inachukua sehemu 16 za urefu na zile nne, yaani moja ya tano, zinakuwa giza. Ukiisimamisha wima, video hiyo hiyo inajibana ikawa robo tu ya skrini, na robo tatu unaangalia uso wako. Vijana wetu hawapendi giza, kwa hiyo huitanua picha kwa vidole viwili mpaka ijae. Ikijaa, inakatwa kumi kwa mia juu na kumi kwa mia chini, na kwenye mpira wa miguu kule juu ndiko huandikwa mabao. Nimewahi kukaa kibandani na vijana wakitazama mechi nzima kwa skrini iliyojaa kweli kweli, wakaondoka wakibishana nani ameshinda.

Lakini video ni anasa. Kilio kiko kwenye makaratasi. Oktoba bonasi ya chai ikikaribia, taarifa za malipo huanza kutembea kwenye WhatsApp zikiwa kurasa za A4, na A4 ilikatwa kwa ajili ya meza. Upana wake ni sentimita 21. Uingize kwenye skrini ya sentimita 6.78 na kila kitu kinabaki theluthi. Herufi ya pointi 10 inakuwa ya pointi tatu, saizi ambayo huku tuliizoea kwa siafu. Kwa hiyo mtu hutanua. Akitanua, anaona upande wa kushoto. Na walioipanga taarifa ile, kwa sababu zao njema kabisa, mapato wameyaweka kushoto na makato wameyaweka kulia.

Jirani yetu mmoja alitanua. Akaona kilo zake, akaona bei, akaona jumla. Akanyamaza kidogo, akaita mke wake, akamwonyesha. Mke naye akanyamaza. Kabla ya chai ya saa nne mzee alikuwa amempigia mwenye hadwea akauliza bei ya mabati, si yale mepesi, yale ya geji nzito. Saa sita alikuwa amewaahidi wanakwaya spika. Alasiri mjukuu wake akarudi kutoka shule, akaombwa aisomee familia tena zile habari kwa sauti, na mtoto, kwa kuwa hana adabu ya kuacha mambo yalivyo, akaisukuma ile karatasi kwa kidole kwenda kushoto. Upande wa kulia ukajitokeza. Mbolea. Mkopo. Mkopo mwingine. Mzee akachukua simu, akapangusa kioo kwa shati, akatazama tena. Mkopo haukupanguka.

Akashauriwa ailaze simu. Ni kweli, ukiilaza unapata upana wa sentimita 15 na herufi zinasomeka. Lakini kimo kinakuwa zile 6.78, mistari inayoonekana ni michache, na vichwa vya nguzo vimeshapanda juu vikapotea. Sasa akawa anaona tarakimu zote na hajui ipi ni yake na ipi ni ya mbolea. Alinambia baadaye kwamba katika hali zote mbili, afadhali ile ya kwanza.

Mjomba naye alikuwa na vita vyake, ila yeye alipigania sebuleni. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015 na yeye kununua runinga bapa, msimamo wake umekuwa mmoja: amelipia runinga nzima na atatazama runinga nzima. Picha za zamani ni za 4:3, uwiano ulioanza kwenye filamu za William Dickson alipokuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison, na kwenye runinga ya leo huacha giza kushoto na kulia. Mjomba huzivuta zijae. Kila mtu huongezeka theluthi ya upana. Siku moja zilipoonyeshwa picha za wanariadha wa zamani, tulimwona Wilson Kiprugut, mtoto wa Kericho aliyetuletea Wakenya medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964, akikata kona kwa mabega ya mbeba magunia. Nikamwambia mjomba kwamba kwa unene ule asingemaliza hata mita mia. Akanijibu kwamba ndiyo maana alipata shaba.

Hata hiyo 16:9 ya runinga yake ilipatikana kwa suluhu. Miaka ya 1980 wahandisi walikuwa na maumbo chungu nzima, kuanzia 4:3 hadi sinema pana, na Kerns Powers akachora mistatili ya yote, akaipandanisha, akatafuta umbo la katikati ambalo lingeumiza kila upande kwa kiasi. Angeweza kukalia kiti cha wazee kwenye koito yoyote ya Wakipsigis, kwa sababu kupatana mahari hakuna mbinu nyingine.

Na ni kwenye koito ambako simu ndefu ilitufikisha pabaya. Binamu yangu anaoa upande wa Ainamoi. Tuliahidi ng'ombe sita, wakwe wakaomba kuwaona, na kwa kuwa ng'ombe wako Mogogosiek na mazungumzo yako Ainamoi, mdogo wake binamu aliyebaki nyumbani akatumwa apige picha. Kamera ya simu kwa asili yake hupiga 4:3. Yeye alikuwa ameiweka ile hali ya kujaza skrini, inayokata picha ifanane na kioo, na kwenye 20:9 hiyo ni arobaini kwa mia ya picha kutupwa. Tena akapiga wima. Tulipata anga tele, bati la zizi, nyasi nyingi nzuri, na katikati yake ng'ombe watatu. Ukingo wa kushoto kulikuwa na makalio. Ukingo wa kulia kulikuwa na pua.

Simu ikazungushwa kwa wazee wa upande wa pili.

"Tunaona watatu," akasema msemaji wao.

"Wengine wako pembeni," akasema mjomba, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu.

"Pembeni ya zizi?"

"Pembeni ya simu."

Mzee akaitanua picha. "Na mwenye makalio haya ni nani?"

"Ni mtamba, mzee. Mzuri sana."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, pamoja naye."

"Na hii pua?"

"Hiyo ni ya mwingine."

Wazee wakanong'onezana kwa muda mrefu. Kisha msemaji akauliza, kwa upole mkubwa, kama tuna njia ya kuwahakikishia kwamba pua ile si ya mwenye makalio yale, akiwa amesimama nyuma ya wenzake. Mjomba akatazama picha, akapima kwa vidole, akatutazama sisi. Kwa vipimo, iliwezekana.

Ikaamuliwa iletwe video. Kijana kule nyumbani, akiwa na ari ya kurekebisha mambo, akasimama mlangoni pa zizi na simu yake wima, akawapitisha ng'ombe mbele ya kioo mmoja mmoja, maana kioo hakina nafasi ya wawili. Video ikaingia. Wakwe wakaitazama kimya, wakihesabu kwa vidole. Wa madoa alitoka, akapotea kulia, na bila shaka aliona majani upande ule hayana ladha, kwa sababu baada ya muda aliingia tena kwa kushoto.

Walihesabu saba. Msemaji wao akasimama, akatushukuru kwa moyo wetu mkubwa, akasema wameridhika kabisa na hawana la kuongeza. Mjomba bado anakwenda Ainamoi na kurudi, akiwaeleza kwamba wa madoa ni mmoja.